Kila cha Bure Kina Mtunzaji Wake

Morogoro huitwa mji kasoro bahari. Wanaousifu hivyo aghalabu huutazama mlima asubuhi, mawingu yakiwa yameilalia Lupanga, wakasema Mungu kaupendelea mji huu. Ni wachache wanaojiuliza maji yashukayo kutoka huko juu hufikaje bombani yakiwa bado ni maji, na siyo tope. Mimi nami sikujiuliza, ndugu msomaji, mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye mvi. Na kilichonifanya nijiulize si mto wala bomba. Ni kompyuta.

Kwa kazi mimi ni fundi wa kompyuta. Mchana nalipwa kurekebisha mashine za watu. Usiku, mji ukishanyamaza, nafanya kazi isiyonipa hata senti tano: nasafisha msimbo wa programu huria. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi yake ya ndani yanayoiamuru kompyuta ifanye nini, uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Ile ninayoisafisha mimi ni ya aina iitwayo meneja wa vifurushi. Sitaitaja jina, kwa sababu mimi ni mmoja tu wa wapiga deki wake, wala sina mamlaka ya kuisemea.

Meneja wa vifurushi ni mtunza ghala. Ukihitaji programu, yeye anajua iko ghala gani. Huupima muhuri wake ahakikishe haujaghushiwa, hutazama programu hiyo inategemea programu zipi nyingine, kisha huzileta zote na kuzipanga mahali pake. Likitoka rekebisho la usalama, yeye ndiye anayelipeleka. Mfumo wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ulipata mtunza ghala wake aitwaye dpkg mwaka 1994, na APT ikafuata mwaka 1998. Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, ilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000. Juu ya Debian ndipo ilipojengwa Ubuntu, iliyochukua jina lake kwenye neno letu la Kibantu la utu, nayo imetapakaa maofisini na vyuoni. Kwa hiyo hata wewe usiyejua kitu kuhusu mambo haya, ukiwa benki, hospitali au chuoni, huenda leo umehudumiwa na mashine iliyolishwa na mmoja wa watunza ghala hawa.

Na kusafisha ni nini? Ni kuondoa msimbo mfu, ambao hakuna sehemu nyingine inayouita tena. Ni kuunganisha vipande vitatu vinavyofanya kazi ileile, vilivyoandikwa na watu watatu ambao hawakuwahi kujuana. Ni kuandika majaribio yatakayopiga kelele kitu kikiharibika, na kueleza kwa maneno ya kueleweka kwa nini mstari fulani upo. Kazi hii ikifanyika vizuri, mtumiaji haoni kitu chochote. Kesho yake inafanana na jana yake. Hakuna utepe wa kukata.

Hapo kwenye utepe ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Sisi Watanzania tunapenda uzinduzi. Nimehudhuria mwingi. Hema linapigwa, viti vinavikwa vitambaa, fulana zinagawiwa, mgeni rasmi anabonyeza kitufe na watu wanapiga makofi. Mradi wa kompyuta, mfumo wa malipo, maktaba ya kielektroniki: vyote vinazaliwa kwa ngoma. Lakini siku hiyo hiyo inua mkono uulize, "Mwakani huyu mtoto atanyonyeshwa na nani?" Watu watakutazama kama mtu aliyetaja mauti katikati ya harusi. Katika makabrasha ya miradi niliyoyashika kwa mikono yangu, ununuzi una kurasa, mafunzo yana kurasa, na uzinduzi una fungu lake. Utunzaji, kama umetajwa, una mstari mmoja.

Desemba 2004 tulipata jambo la kujivunia. Idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na wenzao wa Sweden katika mradi wa Kilinux, ilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi inayozungumza Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima. Walilazimika kutafuta na kupatanisha maneno ambayo lugha yetu haikuwahi kuyahitaji. Nakumbuka nilivyofurahi kuona neno "Hariri" pale nilipozoea Kiingereza. Lakini programu haikai mahali ilipoachwa. OpenOffice yenyewe iliendelea kubadilika, na mwaka 2010 LibreOffice ikachipuka kutoka kwake. Kila toleo jipya huleta maneno mapya ya kutafsiri na ya zamani ya kusahihisha. Siwalaumu waliotafsiri, wao walifanya sehemu yao. Nawauliza wote tuliopiga makofi, mimi nikiwamo: ni wangapi tulijitolea kufanya kazi iliyofuata? Mimi sikufanya. Nilisifu, nikatumia, nikanyamaza.

Kuna hoja mbili ambazo nimezisikia miaka yote. Ya kwanza husema: cha bure hakidaiwi. Waliotengeneza wametoa kwa hiari yao, nani aliwashika mkono? Ya pili husema: kinachofanya kazi usikiguse. Hoja hizi mbili ni pacha. Moja inatuondolea deni, nyingine inatuondolea kazi, na zote mbili humwacha mtu akilala usingizi mzuri.

Hebu tuitazame ya kwanza. Vifurushi vya Debian hubanwa kwa programu ndogo iitwayo xz ili visichukue nafasi kubwa. Kwa miaka mingi programu hiyo ilitunzwa na mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin, kwa muda wake wa ziada na bila mshahara. Mwaka 2022 watu walianza kumbana: mbona unachelewa, mbona hutoi toleo jipya, kama umechoka wape wengine. Yeye alijibu kwa upole kwamba afya yake ya akili imekuwa ikimsumbua, na kwamba kazi hiyo anaifanya kwa kupenda tu, hailipwi. Pembeni alikuwapo msaidizi mwenye bidii na adabu, aliyejiita Jia Tan. Taratibu akaaminiwa, akakabidhiwa funguo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 msaidizi huyo akapenyeza ndani ya xz mlango wa siri, ambao ungemwezesha mwenye ufunguo wake kuingia katika kompyuta za watu kutoka mbali. Uligunduliwa na mhandisi mmoja, Andres Freund, aliyeona kwamba kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa kama nusu sekunde kuliko kawaida, akakataa kupuuza. Akatangaza tarehe 29 Machi 2024. Wakati huo matoleo yenye sumu yalikuwa yameshafika katika Debian ya majaribio, ingawa si ile ya kawaida inayotumiwa maofisini.

Nusu sekunde, ndugu zangu! Dunia iliponea katika nusu sekunde. Watu wengi waliisimulia habari hiyo kama hadithi ya jasusi. Mimi naisoma kama hadithi ya mtu aliyeachwa peke yake. Jasusi hakuvunja ukuta. Alimkuta mlinzi mmoja amechoka, amezungukwa na watu wenye kudai na wasio na cha kutoa, akamwambia, "Lete nikupokee mzigo." Ni kweli kwamba cha bure hakidaiwi na aliyekitoa. Lakini hiyo si sababu ya sisi kusahau kwamba kina mtu anayekishikilia kisianguke.

Sasa hoja ya pili, kwamba kinachofanya kazi kisiguswe. Hapa sina budi kujitoa ushahidi dhidi yangu mwenyewe, kwa sababu niliwahi kugusa nikaharibu.

Ndani ya msimbo ninaousafisha palikuwa na mistari sita iliyonikera. Ilihusu orodha ya maghala, lile faili dogo linalomwambia meneja wa vifurushi aende kuchukua mizigo wapi. Mistari hiyo ilishughulikia hali moja isiyo ya kawaida: faili ambalo mstari wake wa mwisho haukufungwa, yaani aliyeandika hakubonyeza kitufe cha kushuka chini kabla ya kuhifadhi. Nikasema, nani bado anaandika hivyo? Faili hizi siku hizi huandikwa na programu zenyewe. Hapakuwa na maelezo wala jaribio lolote. Nikaifuta mistari ile sita, msimbo ukapendeza, mwenzangu wa mbali akaupitia na kuukubali. Usiku ule nilijiona mtu safi.

Miezi kadhaa baadaye nikapigiwa simu na kijana fundi wa ofisi moja ya umma huko bondeni. "Shikamoo mzee. Mashine zetu zinasema hakuna jipya, lakini nimesoma kwamba kuna marekebisho ya usalama yametoka. Zimekaa wiki saba hazijapokea hata moja." Nikapanda basi. Nikalifungua faili la orodha. Mstari wa mwisho ulikuwa ule wa ghala la marekebisho ya usalama, na haukufungwa. Meneja wa vifurushi, baada ya usafi wangu, alikuwa akiuruka kimya kimya bila kulalamika. Juu kabisa ya faili palikuwa na maelezo mafupi ya aliyeliandika: herufi mbili na mwaka 2011. Herufi zile mbili ni za jina langu.

Nilikaa kimya mbele ya yule kijana. Mwaka 2011 niliifunga ile mitambo, nikalipwa, tukapiga picha na mgeni rasmi, nikaondoka. Sikurudi. Mashine zile zilikuwa zimepandishwa toleo mara kadhaa, faili langu likihamishwa kutoka toleo hadi toleo kama mzigo wa urithi ambao hakuna aliyeufungua. Kwa miaka yote hiyo kosa langu lilibebwa na mistari sita ya mtu nisiyemjua, aliyewaza kwamba huko duniani kuna mzembe fulani asiyefunga mstari. Mzembe huyo ni mimi. Na siku nilipoifuta mistari ile, nilikuwa nimemfukuza mlinzi wa nyumba yangu mwenyewe.

Nilipomsimulia mjomba, ambaye ndiye mzee wa ukoo wetu upande wa Matombo, hakuelewa habari za kompyuta lakini alicheka. "Umefanya kama Waingereza na matuta," akasema.

Matuta hayo yana historia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliona udongo wa Uluguru unaporomoka na mito inachafuka, ikaanzisha mpango wa matumizi ya ardhi. Watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Nia, ukiitazama karatasini, ilikuwa njema, na mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Lakini mahali pengi udongo wenye rutuba ulikuwa mwembamba, na kuchimba ngazi kulileta juu udongo wa chini usiozaa. "Walitulazimisha tuuzike udongo ulio hai," anasema mjomba, "tupande juu ya udongo uliokufa. Tukisema, tunaambiwa wavivu." Mwezi Julai 1955 hasira zikalipuka huko Matombo. Polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Mpango ukaachwa.

Kwa hiyo, je, wanaosema kisiguswe wana haki? La hasha! Udongo haukuacha kuporomoka kwa sababu mpango ule ulikufa. Muulize anayeishi kando ya mto Ngerengere mvua za masika zinapopiga. Litazame bwawa la Mindu linalonywesha mji huu, uone rangi ya maji yanayoingia. Kosa la mwaka 1955 halikuwa kutunza mlima. Kosa lilikuwa kuutunza bila kumsikiliza anayeulima, na kumtwisha yeye peke yake gharama ya maji yanayonywewa na wengine. Nami kosa langu halikuwa kusafisha. Lilikuwa kufuta bila kuuliza mistari ile ilimlinda nani. Na kosa lililotangulia hilo, lililo kubwa zaidi, ni la mwaka 2011: kujenga na kwenda zangu.

Isitoshe, kuna mambo ambayo ni lazima yaguswe hata kama yanafanya kazi. Katika APT palikuwa na amri iliyozoeleka sana, apt-key, ya kuongeza funguo za kuhakiki mihuri ya maghala. Kila fundi aliijua kwa moyo. Lakini ufunguo uliowekwa kwa njia ile uliaminiwa kwa maghala yote, kana kwamba umempa muuza maziwa ufunguo mmoja unaofungua vyumba vyote vya nyumba. Mwaka 2020 watunzaji walitangaza kwamba amri hiyo itaondolewa, wakaacha miaka ya kujiandaa. Mafundi tulinung'unika, kwa kuwa maelekezo tuliyoyanakili madaftarini yalipitwa na wakati. Lakini wao walitangaza, wakaeleza sababu, wakaonyesha njia mbadala, wakangoja. Hivyo ndivyo mtu mwenye heshima anavyosafisha nyumba ambayo watu bado wanalala ndani.

Na ule mlima una sura nyingine ya historia ambayo mjomba huisimulia kwa sauti tofauti. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalifanya kazi na wakulima wa Kibungo Juu, mahali vijito vinavyoulisha mto Ruvu vinapoanzia. Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuielewa: anayekunywa chini amlipe anayetunza juu. Shirika la maji la Dar es Salaam la wakati huo, DAWASCO, na kiwanda cha Coca-Cola Kwanza, vikakubali kuwa wanunuzi. Wakulima wakachimba matuta, wakapanda miti na nyasi, wakalipwa kwa eneo walilolihifadhi. Matuta, ndugu msomaji! Kitu kilekile kilichomwaga damu mwaka 1955. Safari hii watu waliyachimba kwa hiari, kwa kuwa walishirikishwa, walifundishwa, na aliyefaidika alitoa chake. Ulikuwa mpango wa majaribio wa miaka michache, haukumaliza matatizo ya mlima. Lakini ulisema kweli moja hadharani, kwamba maji ya mto si ya bure hata kama hakuna aliyeyatengeneza.

Hilo ndilo ninalolidai kwa ajili ya programu huria. Sisi tu watu wa bondeni. Serikali, benki, hospitali, vyuo, kampuni za simu, wote tunakunywa kutoka kwenye mto mmoja, na huko juu kuna mtu mmoja amechoka, anachimba matuta usiku. Tukisema hatuna fedha, sawa, si kila deni hulipwa kwa fedha. Tunao vijana. Hapa Morogoro pekee tuna Chuo Kikuu cha Sokoine na Chuo Kikuu cha Mzumbe. Kila mwaka wanafunzi wa kompyuta katika nchi hii huandika mradi wa mwisho, na aghalabu ni mfumo mpya kabisa, unaotetewa mbele ya walimu na kuzikwa wiki inayofuata. Kwa nini mwanafunzi asipewe alama kwa kusafisha kitu kilichopo, kinachotumika, ambacho mtunzaji wake atamkosoa bila huruma mpaka ajifunze? Kwa nini ofisi inayookoa mamilioni ya leseni isimwachie fundi wake siku moja kwa mwezi arudishe kiraka kimoja huko alikochota? Na kwa nini mradi uruhusiwe kuzinduliwa kabla haujaandikwa nani atautunza mwaka wa tatu, wa tano na wa kumi?

Najua nitajibiwa kwamba wazungu wana watu wa kutosha wa kazi hiyo. Habari ya xz imeonyesha kwamba hawana. Nitajibiwa pia kwamba vijana wetu wana njaa, hawawezi kufanya kazi ya kujitolea. Hilo ni kweli, na ndiyo maana sisemi wajitolee. Nasema waajiri wao na vyuo vyao wawalipe na kuwapa alama kwa kazi hiyo, kama Kibungo Juu walivyolipwa kwa jembe lao.

Ile mistari sita niliirudisha. Juu yake niliandika maelezo: kwa nini ipo, na kisa cha ofisi iliyokaa wiki saba bila ulinzi, bila kuitaja jina. Kilichobaki kilikuwa jaribio, lile ambalo lingepiga kelele siku mwingine atakapojiona mtu safi kama nilivyojiona mimi. Sikuliandika. Nilimwachia yule kijana wa bondeni. Lilimchukua wiki tatu. Watunzaji walimrudishia mara nne, mara hili, mara lile, akanipigia simu usiku akiwa amekata tamaa. Nikamwambia avumilie. Mara ya tano lilikubaliwa.

Halizidi mistari ishirini. Hakukuwa na mgeni rasmi. Alipolipeleka kwa mkuu wake wa kazi kumwonyesha, aliulizwa kama ile kazi ilikuwa kwenye majukumu yake. Akasema haikuwamo. Akaambiwa basi asiifanye tena saa za ofisi.

Siku wanayoniambia Morogoro imependelewa na Mungu, huwa nawaonyesha mlima na kuwauliza kama wanamjua hata mmoja wa wanaochimba huko juu. Wengi hawamjui. Nami sijui nitaweza kusafisha usiku kwa miaka mingapi zaidi. Lakini yule kijana ameniambia anaendelea, saa za usiku kama mimi. Nimefurahi, na nimeona aibu. Nchi nzima inakunywa, na sasa tuko wawili.